Karakana ndogo ya mbao ndani ya gereji yenye IST ya kaka na friza la mama, naombeni mpangilio

Stuli_Tatu

Wakuu habari za wikiendi. Niseme mapema, gereji naongelea ile ya nyumbani ya kulaza gari, sio ya mafundi, maana najua kuna mtu atakuja kuniuliza bei ya kubadilisha oili.

Iko hivi. Tunaishi Tabata nyumba ya familia, mimi, mama, na kaka yangu na mkewe na watoto. Kuna gereji mzee aliijenga enzi za uhai wake, upana mita 3.2, urefu kwenda ndani mita 6.1, juu bati na kenchi zinaonekana, hakuna silingi. Geti la chuma milango miwili, inafungukia nje, ukifungua yote unapata mita 2.5. Usiku inalala IST ya kaka, inatoka saa 12 asubuhi inarudi saa 1 usiku, jumapili inashinda uani. Nyuma kona ya kushoto kuna friza la mama lile la kufungulia juu, anauza barafu na juisi ya ubuyu kwaiyo watoto wa mtaa wanaingia na kutoka kutwa nzima. Dirisha moja ukuta wa kulia linaangalia ukuta wa jirani. Umeme ni soketi moja ya matundu mawili ambayo friza limeshakalia tundu moja, na taa moja katikati basi.

Mimi ni mtu wa ofisini ila jioni na jumamosi natengeneza stuli, rafu za viatu, stendi za tivii, na sasa nimeanza kupata oda za dabo deka za watoto. Nina sakyula ya inchi 7, jigsoo, drili, ruta ndogo, randa ya mkono, patasi na klampu chache. Sasa hivi nafanyia kazi uani chini ya mwembe, mvua ikija ni kukimbizana na mbao.

Nilivyowaza: benchi zito ukuta wote wa nyuma, katikati msumeno wa meza wa inchi 10 wenye mota ya 2HP, pembeni mashine ndogo ya kupiga randa. Kaka kakubali kwa masharti, gari lisikwaruzwe, lisijae vumbi, na yeye asishuke kwenye gari usiku na uchovu wake aanze kusogeza mbao. Mama sharti lake moja tu, friza haliguswi.

Naombeni mawazo kabla sijatoa hela.

Hewa_Nzito

Kaka auze IST anunue bodaboda. Uzi ufungwe.

Patasi_ya_Keko

Mkuu Stuli karibu kwenye chama. Mimi nipo Keko miaka mingi, nimeona vijana wengi wanaanza kama wewe, anaanza na mashine halafu ndo anatafuta pa kuiweka. Wewe anza na mbao. Chukua mbao ndefu kuliko zote utakayoiingiza humo uiulize inapita wapi. Mbao zetu zinauzwa futi 12, hiyo ni mita 3.66, gereji yako upana 3.2, maana yake mbao nzima hailali kwa upana hata ufanyeje, lazima ikae kwa urefu kuelekea getini. Hapo tayari umeshajua mashine yoyote ya kuchana inaangalia wapi. Ukiiweka inaangalia kulia au kushoto umepoteza hela.

Pili, kwenye msumeno wa meza mbao inahitaji nafasi mara mbili, mbele ya meno na nyuma ya meno. Mbao ya futi 12 mbele 3.66 nyuma 3.66, unazungumzia zaidi ya mita 7 na wewe una 6.1, kwaiyo ama geti liwe wazi mbao itokee nje ama ukate kwanza. Na mimi nakwambia kata kwanza. Kwenye dabo deka kipande kirefu kuliko vyote ni ubavu, weka mita 1.9. Ukitoa 1.9 kwenye futi 12 unabakiwa na kama mita 1.75, hiyo ni mguu wa deka umekaa hapo hapo, wala hupati kipande cha kutupa. Kazi hiyo unaifanyia nje uani na sakyula, ndani zinaingia fupi. Sasa mita 1.9 mbele na 1.9 nyuma na meza yenyewe sentimita 60, unapata 4.4, inakaa ndani hata geti likiwa limefungwa.

Plaiwudi na emdiefu usiingize nzima kabisa. Ile ni 1220 kwa 2440, mtu mmoja kuizungusha kwenye chumba cha 3.2 utapasua taa na dirisha. Laza nje juu ya mbao chakavu, funga ubao ulionyooka na klampu uwe njia ya sakyula, kata, ingiza vipande.

Mashine ya randa usinunue. Hapo Buguruni na huku kwetu mashine zipo, unapeleka mbao zako unapigiwa pande zote nne unarudi nazo. Hiyo mashine itakula nafasi, itakula umeme, na maranda yake utayakuta mpaka kwenye ubuyu wa mama.

Stuli_Tatu

Fundi asante sana. Hiyo hesabu ya ubavu na mguu sikuwahi kuiwaza. Ila msumeno wa meza nao unaniambia nisinunue au?

Patasi_ya_Keko

Nitarudi kwenye hilo. Kwanza pima gari.

Saiprasi254

Niaje wadau, mimi niko Thika na hii shida naijua vizuri sana, nimekodi nyumba na gereji tunashea na landlord, yeye ana pickup. Hapo kwa gari wacha nikusaidie. IST ile ya kwanza ina urefu kama 3.86 na upana 1.695. Gari nyingi za Japan tunazoendesha huku ziko chini ya mita 1.70 upana, ni kwa sababu kule kwao daraja la gari dogo mwisho ni 1.70 upana na 4.70 urefu, so IST, Spacio, Noah ya zamani, zote ukipimia moja umepimia zote kwa upana. Hata kaka yako akibadilisha gari hiyo hesabu haiendi mbali, isipokuwa achukue Prado, hapo ni story ingine.

Upana 3.2 toa 1.7, umebaki na mita moja na nusu ya kugawa pande mbili. Dereva anahitaji kama sentimita 85 afungue mlango atoke bila kujipinda. Baki 65 upande wa abiria, toa kioo cha pembeni, una kama 45 za kutumia ukutani. Hiyo ni rafu, sio mashine. Halafu swali la maana, kaka yako huingia na kichwa ama anarudi rivasi? Maana akiingia kichwa mlango wa dereva uko ukuta wa kulia, akirivasi uko wa kushoto. Lazima mkubaliane moja na isibadilike, la sivyo siku moja ataingia vingine afungue mlango ugonge rafu zako na hapo urafiki umeisha.

Urefu, 6.1 toa 3.86 ni 2.24. Wacha 20 za geti, toa 60 za benchi, una kama mita 1.4 ya kusimama mbele ya benchi hata gari likiwa ndani. Hiyo ni kubwa bana, unaweza fanya kazi ya mkono usiku na gari limelala.

Mambo ingine yote weka magurudumu yenye breki. Benchi, meza, kila kitu. Mimi kwangu saa moja na nusu hakuna kitu sakafuni.

Patasi_ya_Keko

Saiprasi hesabu zako safi ila benchi la magurudumu nakataa. Piga randa ya mkono kwenye benchi la magurudumu uone linavyokukimbia, hata na breki linayumba. Benchi linafungwa ukutani na bolti, linakuwa zito, ndo patasi inaingia pale unapotaka.

Saiprasi254

Fundi mimi nafanya na sakyula na ruta zaidi, randa nadra. Na landlord hakubali nitoboe ukuta wake.

Patasi_ya_Keko

Basi ni hiyo. Ukuta wa Stuli ni wa kwao.

Nyaya_Nne

Wakuu mnagawana sentimita na umeme hamjauliza. Stuli hiyo soketi ya gereji waya wake umetoka wapi? Kwenye boksi kuu moja kwa moja au umedandia kwenye soketi ya chumba kingine? Na waya ni wa ngapi? Nenda kafungue ukaangalie (zima kwanza) ndo uje hapa.

Stuli_Tatu

Nimeangalia na jirani mmoja anayejua jua. Umetoka kwenye soketi ya sebuleni, anasema waya ni 1.5, yaani milimita za mraba.

Nyaya_Nne

Nilijua. Gereji nyingi za mtaani ndo zilivyo, mtu alitaka taa na kuchaji betri akadandia. 1.5 ni waya wa taa. Sasa sikiliza. Farasi mmoja wa mota ni wati 746, 2HP ni karibu wati 1500 za kazi, lakini mota haigeuzi umeme wote kuwa kazi, kwaiyo inavuta zaidi ya hapo, weka ampia 9 mpaka 10 ikiwa inazunguka na mzigo. Ikiwa inaanza inavuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ampia 13, ambayo kwa volti 230 ni karibu kilowati 3. Plagi itahimili, ila ule waya wa 1.5 wenye friza na tivii ya sebuleni juu yake hapana.

Vuta laini mpya toka boksi kuu, waya wa 4, breka yake ya ampia 20 ya aina ya C ambayo haikatiki mota inapoanza, soketi mbili za mashine tu, moja karibu na benchi moja karibu na geti. Friza libaki na laini yake, maana mota ikianza volti zinashuka kidogo na kompresa ya friza haipendi huo mchezo. Na taa ziwe laini nyingine kabisa. Hili watu hawaliwazi. Ukiweka taa na mashine breka moja, mbao ikibana msumeno breka ikaruka, umebaki gizani na diski bado inazunguka mbele yako.

Hakikisha kuna kile kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima umeme ukivuja, na ethi rodi ya kweli iliyozikwa, sio waya umefungwa kwenye nondo ya dirisha nimeshaona.

Ekstensheni ya kibonge, ile ya waya wa kuviringisha, ukitumia nje ifungue yote. Ikiwa imejiviringisha na mashine inavuta inapata moto ndani mpaka plastiki inayeyuka.

Taa weka tyubu mbili za LED juu ya benchi na moja kuelekea geti. Zile tyubu za zamani za choki achana nazo, zinapepesa mara 100 kwa sekunde na kuna spidi ambayo diski inayozunguka utaiona kama imesimama.

Hewa_Nzito

Huyu wa umeme kanitisha nimeenda kuchomoa pasi.

Mama_Kochi

Habari zenu. Mimi natengeneza makochi, fremu zangu zinachongwa kwenye banda nyuma ya nyumba kwaiyo vumbi nalijua. Stuli mdogo wangu nimeusoma uzi wote nasubiri mtu aongelee watoto wa ubuyu, naona mnaongelea breka.

Msumeno wa meza ukibana mbao unairudisha nyuma kwa nguvu kuelekea kwa anayesukuma, na ikimkosa yeye inaendelea. Umesema friza liko nyuma na watoto wanaingilia getini. Sasa mashine inaangalia getini au inaangalia nyuma, vyovyote vile mtoto anayekuja na shilingi mia mbili yake anapita kwenye mstari huo huo. Huwezi kuwa unakata huku unageuka kuangalia nani kaingia. Friza litoke. Sio ombi.

Halafu vumbi. Vumbi la mbao lile jembamba WHO kupitia taasisi yao ya saratani waliliweka kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1995, la puani hasa. Na mninga mnaoupenda kwa rangi una watu unawaletea pumu na kuwashwa, mimi mwenyewe fundi wangu mmoja akikata mninga macho yanavimba, mvule pia. Barakoa ya kitambaa ile ya korona haisaidii, tafuta N95. Na mbao za dawa zile za kijani kijani usizikatie ndani na mabaki yake msichomee mishkaki, nyingi dawa yake ina arseniki.

Sakyula na ruta zina tundu la kutolea vumbi, unga na mpira wa vakyumu, katikati weka ndoo yenye mfuniko ya kimbunga, vumbi linazunguka linaanguka kwenye ndoo, vakyumu haizibi. Kazi ya msasa fanyia getini au nje kabisa.

Stuli_Tatu

Dada shikamoo. Kwa kweli hilo la watoto limenigusa kuliko yote. Ila mama mnamjua, friza liko pale toka mzee yupo, na wateja wamezoea pale. Nikimwambia litoke ataona namfukuza kwenye biashara yake.

Mama_Kochi

Marahaba. Usimwambie litoke, mwambie linahamia mbele. Kuna baraza mbele ya nyumba?

Stuli_Tatu

Lipo, lina grili, linaangalia barabara ya mtaa.

Mama_Kochi

Basi kazi imeisha. Mchongee kaunta, rafu ya juu ya glasi na vikombe, sehemu ya kuwekea hela yenye kufuli, dirisha dogo la kuhudumia kwenye grili. Wewe si seremala? Mtu anayenunua barafu akiona friza toka barabarani anaingia, akiwa hajui kuna friza nyuma ya gereji anapita. Mpelekee mchoro, usimpelekee sababu za vumbi. Hakikisha tu jua la mchana halilipigi friza moja kwa moja na nyuma yake pana nafasi ya kupumua.

Nyaya_Nne

Naunga mkono dada kwa sababu nyingine. Huyu bwana atapaka sila na vanishi, na tina ya kuzimulia mvuke wake ni mzito kuliko hewa unakaa chini sakafuni, na kompresa ya friza iko chini inawaka na kuzima yenyewe na cheche yake. Geti limefungwa usiku, gari ndani, friza linaanza. Sitaki kumalizia.

Patasi_ya_Keko

Na ndo maana kupaka rangi humo ndani ni mwiko, hata friza likitoka. Sila ya kupuliza ile inayoruka hewani inatua kwenye bodi ya gari inakuwa kama msasa, kuitoa ni polishi ya hela nyingi. Pakia uani chini ya turubai, asubuhi saa tatu umande umeshakauka na kabla ya upepo wa mchana. Masika usilazimishe, hewa ikiwa na maji mengi sila inakuwa nyeupe kama ukungu, mteja atasema umempaka maziwa. Matambara ya mafuta ya linsidi yatandaze nje yakauke moja moja, ukiyakunja ukayatupa kwenye ndoo yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka, hayahitaji kiberiti.

Sasa nirudi kwenye msumeno wa meza. Kwako usinunue kwa sasa. Sakyula yako na njia iliyonyooka inafanya karibu kila kitu cha rafu na kitanda. Mbao zikichanwa na kupigwa randa kwenye mashine ya watu zinakuja kwako upana uleule zote, wewe kazi yako ni kukata urefu, kutoboa, kuunga na kubana. Hela ya msumeno nunua klampu. Hakuna fundi aliyewahi kulalamika ana klampu nyingi. Utaununua siku oda zikiwa nyingi mpaka foleni ya mashine inakuchelewesha.

Saiprasi254

Hapo sikubaliani fundi. Keko mashine ziko karibu na wewe, huyu yuko Tabata, atakodi kirikuu kila wakati kwa sababu ya vipande viwili vimezidi nusu inchi? Kale kadogo ka kukunja miguu kanaingia chini ya benchi, unakatoa jumamosi, unakarudisha.

Patasi_ya_Keko

Ka kukunja ni kepesi, mbao ya mkongo ikigoma kanakufuata. Kwa paini sawa.

Saiprasi254

Yeye si anatumia paini?

Stuli_Tatu

Paini ya Sao Hill ndio, na mninga nikipata mteja wa kulipia.

Patasi_ya_Keko

Haya, kwa paini sawa. Ila hakikisha kina lile kisu cha nyuma ya diski kinachozuia mbao isibane, wauzaji wengi wanakupa bila, na ukilikuta limetolewa usinunue. Na simama pembeni ya mstari wa diski, usisimame nyuma yake.

Mwana_wa_Ngalawa

Assalaam alaykum, mie nipo Unguja huku kwetu kutu ndio bosi. Hata Tabata hewa ya bahari inafika. Randa na patasi usiziache juu ya benchi, tengeneza kabati lenye mlango uzifungie. Meza ya chuma ya mashine ipake nta, maji hayashiki na mbao inateleza. Paini ukiileta mbichi usiijenge siku hiyo hiyo, ipange juu kwenye kenchi na vijiti katikati ipite hewa, iache kwanza. Watu wanalaumu gundi kumbe mbao ndio imesinyaa.

Nyaya_Nne

Kenchi zipangiwe kiasi lakini, zile zimepigwa kubeba bati sio ghala. Mbao chache za futi 12 karibu na ukuta sawa, katikati hapana.

Mjomba_Tupa

Nimechelewa. Urefu wa benchi mmeongelea? Maana watu wanaiga urefu wa meza ya jikoni halafu mgongo unalia. Simama wima, mikono ining'inie, pale kifundo cha mkono kinapokunjika ndo juu ya benchi kwa mtu wa randa. Jiliwa, lile la kubania mbao, kama unatumia mkono wa kulia liweke mwisho wa kushoto wa benchi, na hiyo kona ndo ilikuwa ya friza, kwaiyo friza likitoka mambo yote yanakaa.

Na jirani wa dirishani? Ukianza kukata saa 12 alfajiri jumamosi atakuja na shemeji zake.

Stuli_Tatu

Wakuu narudi na majibu. Mama kakubali. Nilimchorea kaunta ya barazani yenye rafu na droo ya kufuli, akauliza kama naweza kuongeza sehemu ya kuweka karanga. Kaka nimekaa naye, ataingia kichwa siku zote, mlango wake ukuta wa kulia, huko sitaweka kitu chochote hata msumari. Nimepiga mstari wa rangi sakafuni tairi la kushoto linapopita, na mpira wa tenisi nitauning'iniza kwenye kamba toka kwenye kenchi, kioo cha mbele kikigusa mpira anasimama. Jirani nimeenda kumsalimia nikamwambia mashine hazitawashwa kabla ya saa mbili asubuhi na zinazimwa saa 12 jioni, akasema yeye shida yake ni mtoto analala mchana saa nane mpaka saa kumi, basi muda huo nafanya kazi za gundi na patasi.

Mpangilio umekuwa hivi. Ukuta wa nyuma benchi la mita 2 kwa sentimita 60 limefungwa na bolti, jiliwa kushoto. Mita 1.2 zilizobaki upande wa kulia ni maegesho ya meza ya magurudumu ya 1.2 kwa 0.6, juu yake ruta imegeuzwa, kimo chake sawa na benchi, nikiisukuma mwisho wa benchi napata mita 3.2 mfululizo, nikiigeuza kuelekea getini inapokea mbao ndefu. Hapo nimewasikiliza fundi na Saiprasi wote wawili. Ukuta wa kushoto rafu za kina cha sentimita 40 kuanzia kimo cha kiuno kwenda juu, chini wazi kwa vipande na ndoo ya vumbi. Kati ya benchi na pua ya gari pazia la turubai kwenye waya, nikifanya kazi za usiku navuta. Umeme laini mpya waya wa 4 kama alivyosema Nyaya, fundi anakuja wiki hii. Msumeno wa meza nimeahirisha, nanunua klampu.

Saiprasi254

Safi sana bana. Kwa hiyo rafu ya kushoto usifunge kila kifaa na skrubu zake. Chana ubao kwa digrii 45 katikati, nusu moja unaipiga ukutani ncha ya mkato ikiangalia juu, nusu ingine unaifunga nyuma ya kabati, unaning'iniza tu. Ukitaka kubadilisha mpangilio unainua unahamisha. Na hakikisha hakuna kitu cha kudondoka upande wa gari, weka kizuizi cha mbele kwa kila rafu.

Mjomba_Tupa

Swali moja. Sakafu umeipima? Gereji nyingi sakafu yake ina mteremko kwenda getini maji yatoke. Hiyo meza ya magurudumu itakuwa sawa na benchi ikiwa imeegeshwa, ukiisogeza mita mbili kuelekea getini imeshuka.

Stuli_Tatu

Daah. Nimetoka kupima sasa hivi kwa mpira wa maji. Toka ukuta wa nyuma mpaka getini imeshuka sentimita 6.

Mjomba_Tupa

Basi kwa mita moja umeshuka karibu sentimita moja. Miguu ya meza itoboe, weka nati na bolti ndefu za milimita 12 kwa chini, ukifika pale unapotaka kufanyia kazi unashusha bolti mpaka magurudumu yaachane na sakafu, unaweka levo juu, unaanza. Inakuwa imetulia kuliko hata breki. Alama za pale inaposimama mara kwa mara pigia rangi kama ulivyofanya za tairi, usiwe unapima kila jumamosi.

Patasi_ya_Keko

Na benchi la ukutani lipimie levo yenyewe, usipimie toka sakafuni. Mguu wa mbele utakuwa mrefu kuliko wa nyuma, kata hivyo hivyo.

Stuli_Tatu

Nimeelewa fundi. Bolti za 12 urefu gani zinatosha?

Mjomba_Tupa

Sentimita 10. Chini yake weka kofia za mpira zisichimbe sakafu.